Nani Atamtumia Nani? Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Meme Inayosambaa

Januari moja shangazi yangu wa Tanga alinitumia meme kwenye WhatsApp. Hakuandika neno hata moja, na shangazi ni mtu wa kuuliza hali za nyumba nzima kabla hajasema shida yake. Ilikuwa picha ya mzee ameshika simu, macho yamemtoka. Juu yake imeandikwa: "Mweka hazina akipiga simu, mimi kwa sauti ya kike: Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Shangazi ndiye mweka hazina wa harusi ya binamu yangu. Mimi nilikuwa nimeahidi mchango tangu Novemba.

Asichokijua ni kwamba ile meme niliitengeneza mwenyewe, siku kadhaa nyuma, kwenye ukurasa ninaousimamia kwa niaba ya duka la simu. Nililipa siku hiyohiyo. Halafu nikafungua takwimu za ukurasa, nikakuta jambo lililonikalisha chini. Wiki ileile nilikuwa nimeweka meme nyingine, niliyoihangaikia usiku kucha. Hiyo ilipata laiki nyingi zaidi na komenti za kunisifia akili. Lakini ilibaki palepale ilipowekwa. Iliyosafiri hadi Tanga ni ile iliyompa mtu njia ya kumdai mwenzake bila kufungua mdomo.

Tangu hapo sijatengeneza meme bila kujiuliza kwanza: nani atamtumia nani, ili amwambie nini? Hatua zote zinazofuata zimetoka kwenye swali hilo.

Kabla ya yote: meme ni nini hasa

Neno lenyewe lilibuniwa na mwanabiolojia Richard Dawkins mwaka 1976, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichoigwa. Alikuwa anazungumzia wazo lolote linaloruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine: wimbo, mtindo wa nguo, namna ya kujenga. Intaneti ya kawaida haikuwepo bado.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kusubiri intaneti. Chukua kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Umbo ni lilelile miaka nenda rudi, kinachobadilika ni mapambo na maneno. Mwanamke akitaka kumfikishia jirani ujumbe, hagombani naye. Anavaa "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" anapita mbele ya kibaraza. Akiulizwa, atasema amevaa nguo tu. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo historia yake inaanzia 1887 na kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", limeishi kwa biashara hiyo: kuwauzia watu maneno ambayo wangependa kuyasema lakini hawawezi kuyatamka.

Meme inafanya kazi hiyohiyo. Anayeisambaza hasambazi kazi yako, anasema jambo lake kupitia mgongo wako. Na akibanwa ana pa kutokea: "Aa, ni utani tu huo."

Hatua ya 1: Tafuta mtumaji kabla hujatafuta kichekesho

Chukua karatasi, andika sentensi hii na uijaze: "______ atamtumia ______ ili kumwambia ______." Usipoweza kuijaza, usifungue programu ya kuhariri picha. Mifano yangu kutoka daftarini:

Mpangaji atamtumia mpangaji mwenzake, ili kumsengenya mwenye nyumba kuhusu mgawanyo wa umeme wa LUKU. Dada atamtumia mdogo wake wa kiume, kumwambia aoshe vyombo. Shabiki wa Yanga atamtumia shemeji yake wa Simba, kumwambia... hiyo inajieleza.

Uhusiano ukiwa na mvutano kidogo, meme inapata miguu. Ndiyo maana utani wa jadi ni shamba lenye rutuba: mtani anaruhusiwa kusema, na anayesemwa hawezi kununa hadharani. Mawifi, watani wa makabila, watani wa mpira, wote hao ni njia zilizokwisha kuchimbwa. Wewe mimina maji tu.

Mitandao yenyewe inapima jambo hili. Januari 2025 Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alitaja vipimo vitatu vinavyobeba uzito mkubwa kwenye mtandao huo: muda wa kutazama, laiki, na mara ngapi kitu kinatumwa kwa mtu mwingine. Akafafanua kwamba kwa watu ambao bado hawakufuati, kutumiana ndiko kuna uzito zaidi. Laiki inawahusu zaidi watu wako wa nyumbani. Ukitaka kufika kwa wageni, lazima mtu akubebe.

Hatua ya 2: Chagua hisia inayomnyanyua mtu

Mwaka 2012 Jonah Berger na Katherine Milkman walichapisha utafiti kuhusu makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times, wakiangalia zipi zilitumwa sana kwa barua pepe. Kilichoonekana: makala za kushangaza, za kukasirisha na za kutia wasiwasi zilitumwa zaidi. Za huzuni zilitumwa kidogo. Si suala la hisia nzuri au mbaya pekee. Swali ni iwapo hisia hiyo inamwamsha mtu au inamlegeza.

Ukiangalia magrupu utaona hivyohivyo. Weka habari ya kusikitisha, utapata "pole" ishirini na mikono iliyokunjwa, kisha kimya. Weka picha ya bei ya nyanya iliyopanda, kabla hujafunga simu imeshavuka magrupu matatu. Kwa hiyo mada yako ikiwa ya huzuni, kama Januari isiyo na hela au ada za shule, itafute upande wake unaochokoza. Ufukara wenyewe hausambai. Kinachosambaa ni ujanja wa mtu fukara anayejifanya hana shida.

Hatua ya 3: Kiolezo

Kiolezo kizuri ni sentensi yenye nafasi wazi. Ile picha ya kijana anayegeuka kumtazama msichana anayepita huku mpenzi wake akimkodolea macho ilipigwa na Antonio Guillem huko Girona, Hispania, mwaka 2015 kwa ajili ya kuuzwa kama picha za kawaida za matangazo. Ilikuja kuenea duniani 2017. Ukiitazama vizuri utaona ni sarufi: mimi, nilicho nacho, ninachokitamani. Weka maneno matatu, imekwisha. Kayode Ewumi, Muingereza aliyegusa upande wa kichwa chake kwa kidole kwenye kipindi chake cha mtandaoni cha 2016, alitupa sentensi nyingine: "huwezi kupatwa na A kama hujafanya B." Wabeba majeneza wa Ghana, waliozunguka dunia mwanzoni mwa 2020 wakicheza na jeneza begani, wao ni nukta ya mwisho: mtu anafanya upuuzi, picha inakatika, jeneza hilo.

Picha si lazima. Kenya mwaka 2010 video ya kundi la muziki la Just a Band ilimfufua Makmende, jina la zamani la mtaani la mtu anayejifanya shujaa, ambalo inaelezwa lilitokana na maneno ya filamu za Marekani yaliyosikika vibaya masikioni mwa watoto wa Nairobi. Watu wakaanza kutunga sifa zake, mstari mmoja mmoja: Makmende amefanya hivi, Makmende haogopi vile. Kiolezo kilikuwa jina na kitenzi. Yeyote angeweza kuchangia bila kujua kuhariri picha.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 5 Novemba 2023. Yanga waliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Filimbi ilipopulizwa kiolezo kilikuwa tayari mikononi mwa kila mtu, na simaanishi simu. Kiganja kilichofunguliwa. Vidole vitano. Ukipunga mkono kumsalimia Mnyama, yaani shabiki wa Simba, umemtania. Ukiagiza maandazi, ukasema matano, umemtania. Ukilipa kwa noti ya elfu tano, hivyohivyo. Kila kitu chenye tano ndani yake kiligeuka silaha, na mtani akibaki mwenyewe anaanza kuiona tano hata pasipokuwepo. Hapo ndipo meme imekomaa: haihitaji tena kutengenezwa, inaokotwa.

Na Simba nao hawakuwa mikono mitupu. Wao walikuwa na 5 kwa 0 ya 6 Mei 2012, na ile 6 kwa 0 ya 1977 ambayo babu zetu hawachoki kuisimulia. Utani usiojibika hufa haraka. Ukitengeneza meme ya kumchapa upande mmoja, mwachie mwenzake mlango wa kujibu, maana jibu lake ndilo litakalokurudisha wewe hewani.

Kwa anayeanza: tumia kiolezo ambacho watu wako wanakijua tayari. Uso wa mchekeshaji Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 2018, bado unafanya kazi kwenye stika za WhatsApp kwa sababu Mtanzania akiuona anasikia na sauti. Aki na Pawpaw, waigizaji wa vichekesho wa Nigeria, wanaeleweka kuanzia Lagos hadi Lubumbashi bila neno. Kiolezo kipya kabisa kinamtwisha msomaji kazi mbili: aelewe picha, kisha aelewe kichekesho. Wengi wanaishia kwenye ya kwanza.

Hatua ya 4: Maneno

Hapa ndipo meme nyingi za kwetu zinapozama, nami hapa nitakaa kidogo. Ile ya mweka hazina ilianza hivi:

"Wakati umeahidi kuchangia harusi laki moja lakini bado hujatoa na sasa kamati inakupigia simu kila siku kukukumbusha."

Hiyo si meme, ni taarifa ya kikao. Kwanza inaeleza kichekesho badala ya kukionyesha. Pili, "laki moja" inawafungia nje walioahidi elfu hamsini. Tatu, kuanza sentensi na "wakati" namna hiyo ni kuiga muundo wa Waingereza, na Mswahili anausikia tu kwamba haujakaa. Nikajaribu tena:

"Ukiahidi mchango halafu kamati ianze kupiga simu."

Imepungua mafuta, lakini haina mtu ndani. Kamati haina sura. Nani anapiga simu kweli? Mweka hazina. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuwa kwenye grupu la harusi asiyemjua mweka hazina: ndiye anayebandika orodha kila jioni, waliotoa wamewekewa tiki, wasiotoa wamebaki uchi. Nikamwingiza yeye. Kisha nikamtafutia mdaiwa kitendo, maana "kujificha" ni neno na mimi nilitaka sauti. Ile sauti ya dada wa kampuni za simu kila mmoja wetu anayo kichwani. Mzee mwenye macho yaliyotoka akiiigiza, basi.

Kanuni niliyoipata humo ni hii: bakiza kitu mahususi ambacho wengi wanacho, futa kitu mahususi ambacho unacho wewe peke yako. Mweka hazina abaki. Laki moja itoke.

Baada ya hapo soma kwa sauti. Ukivuta pumzi katikati, bado ni ndefu. Neno la kuchekesha liwe la mwisho, lisifuatwe na "hahaha" wala emoji kumi za kulia machozi. Mcheshi hacheki kabla ya wageni.

Kuhusu lugha, amua mapema unakokwenda. Mdar anasema "nipo kikaoni", Mnairobi anasema "niko", na neno hilo moja linatosha kumwambia msomaji kwamba meme hii ni ya jirani, si yake. Sheng nzito inapiga sana Eastlands na kufa Namanga. Lugha ya Temeke vilevile. Si kosa, meme ya mtaani inapendwa zaidi na watu wachache. Ila ukitaka ivuke mpaka, tumia maneno yanayoeleweka Mombasa, Mwanza na Bujumbura, ukiacha picha ibebe utamu wa mtaa.

Hatua ya 5: Iweze kusomeka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka

Msomaji wako yuko kwenye daladala, amesimama, simu ni ya bei rahisi, bando linakaribia kuisha. Herufi ziwe nene na kubwa. Andika juu ya rangi moja, si juu ya majani na nyuso. Kwa Instagram na Facebook tengeneza picha ya wima, pikseli 1080 kwa 1350, inashika sehemu kubwa zaidi ya kioo kuliko ile ya mlalo. Ukimaliza, shika simu kwa mkono ulionyooka. Usiposoma, ongeza herufi. Kumbuka pia kwamba WhatsApp inaipunguza picha ubora, na baada ya skrinishoti nne herufi nyembamba zinakuwa ukungu.

Video: weka maandishi ndani yake, wengi wanatazama bila sauti. Usianze na nembo wala salamu. TikTok ilipoeleza mwaka 2020 jinsi inavyopendekeza video, ilisema kumaliza video ndefu hadi mwisho ni ishara yenye nguvu, na kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja. Kwa hiyo sekunde nane zinazomalizwa zinakufaa kuliko arobaini zinazoachwa njiani.

Nembo ya biashara iwe ndogo, pembeni. Tunabishana sana na wateja juu ya hili. Wanataka nembo katikati, namba ya simu, "tupo Kariakoo" na bei ya chaja. Sawa, lakini hakuna mtu atakayemtumia shemeji yake tangazo la chaja.

Hatua ya 6: Kuiachia

Meme ya tukio ni samaki: asubuhi mbichi, jioni inanuka. Ya mpira iweke filimbi ikilia. Ya hali ya maisha, kama mweka hazina, inaweza kusubiri siku yake. Mwisho wa mwezi na Januari zina misimu yake.

Instagram ilitangaza Aprili 2024 kwamba kwenye mapendekezo yake itaweka kazi halisi mahali pa nakala zilizorudiwa, hivyo kubandika ya mwenzako kama ilivyo hakukusaidii tena. Walau badilisha maneno. X, zamani Twitter, ilipoweka wazi Machi 2023 algorithimu yake, yaani kanuni za kompyuta zinazochagua nani aone nini, ilieleza kwamba ukurasa wa mapendekezo unachanganya kwa wastani nusu ya watu unaowafuata na nusu ya usiowafuata. Mlango wa wageni upo, ila wanaokufungulia ni wa kwako wakijibu mapema.

WhatsApp haina algorithimu ya kukubeba. Inabebwa na binadamu, tena wamewekewa breki: tangu Januari 2019 ujumbe unaweza kuforwadiwa kwa watu au magrupu 5 tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kuforwadiwa mara nyingi unakwenda kwa mmoja mmoja, ukiwa na mishale miwili. Mtu akiuona huo mshale pacha anajua ni kitu kilichozeeka. Ndiyo maana stetasi ni njia nzuri zaidi: watu wanaomba, "nitumie hiyo," na wanaitoa kwako ikiwa mbichi.

Sasa wapi pa kuanzia? Lilian Weng na wenzake walionyesha mwaka 2013, kwa kuchunguza Twitter, kwamba meme zinazokuja kusambaa sana huwa zinaonekana mapema kwenye jamii nyingi tofauti, badala ya kuzunguka ndani ya kundi moja. Kivitendo: usiipeleke kwenye magrupu kumi ya wapenzi wa mpira. Peleka moja la mpira, moja la ukoo, moja la kazini, moja la wazazi wa shule. Ikichekesha sehemu mbili kati ya hizo, iache ijiendee.

Hatua ya 7: Bahati, na jinsi ya kuandikiana mkataba

Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walitengeneza soko la muziki mtandaoni. Watu zaidi ya 14,000, nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, na "dunia" 8 zilizotengwa, kila moja ikiona hesabu zake za upakuaji. Nyimbo bora kabisa mara chache zilishindwa, mbovu kabisa mara chache zilishinda. Za katikati? Dunia moja zilipaa, nyingine zilisahaulika. Ni nyimbo zilezile. Kilichotofautiana ni nani alitangulia kuzipenda.

Meme zako nyingi na zangu ni za katikati. Dawa ni kutengeneza kumi, si kuing'arisha moja. Na kamwe usimuahidi mteja kwamba itatrendi. Mimi niliahidi mara moja, kwa mteja ambaye sitamtaja. Meme ilisambaa wiki mbili baada ya muda tuliokubaliana, ikiwa imeshakatwa nembo yake, naye akagoma kunilipa. Siku hizi mkataba wangu unahesabu vipande na tarehe, basi.

Hatua ya 8: Uso wa nani huo?

Agosti 2017, siku ya uchaguzi Kenya, mwanamume mmoja alipigwa picha kwenye foleni ya kura akila githeri kwenye mfuko wa plastiki. Kesho yake yuko kila mahali, mpaka amehaririwa akiwa pembeni ya marais. Yeye alibahatika, mwaka huohuo akatunukiwa nishani na rais. Wengi hawabahatiki hivyo. Wanabaki kuchekwa kazini kwa picha ambayo hawakuomba ipigwe. Sura ya mtu wa kawaida iombee ruhusa, ya mtoto au mgonjwa iache kabisa. Sheria nazo zipo: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya makosa ya kompyuta ya 2018 na ya data ya 2019. Meme yenye tarakimu au madai kuhusu mtu, ihakiki. Utafiti wa Vosoughi, Roy na Aral wa 2018 ulionyesha kwamba kwenye Twitter uongo ulisambaa mbali na haraka kuliko ukweli, kwa hiyo kasi isikudanganye kwamba uko sahihi.

Hatua ya 9: Fuatilia walioibadilisha

Usihesabu laiki. Fungua takwimu, angalia zilizotumwa na zilizohifadhiwa, gawanya kwa waliofikiwa, andika daftarini pembeni ya ile sentensi ya hatua ya kwanza. Baada ya meme kama thelathini utajua watumaji wako ni akina nani. Wangu wamegeuka kuwa akina mama wa umri wa shangazi, jambo ambalo duka la simu halikulitarajia na sasa linauza vifuniko vya simu vya maua.

Kisha tafuta nakala zilizobadilishwa. Mweka hazina wangu nimemkuta akiwa mwenye nyumba, akiwa afisa wa mkopo, na mara moja akiwa mama mkwe. Wameifuta alama yangu kote. Sikugombana na mtu. Nilichukua ile ya mama mkwe, nikarekebisha neno moja, nikairudisha ukurasani Jumamosi asubuhi, saa ambazo vikao vya harusi vinaanza.